Fundi Astahiliye Heshima
Masomo: Kutoka 31:1-6, Kutoka 39:43, Kumbukumbu la Torati 22:8



Vyuo vya uhandisi vina desturi ya kuweka siku ya kuwaheshimu watu wao. Siku hiyo hutajwa mwalimu aliyefundisha vema, mtumishi wa karakana aliyetunza mitambo kwa uaminifu, na mwanafunzi aliyewapita wenzake. Baadhi ya washarika wetu wana watoto katika vyuo hivyo. Wengine wako katika chuo cha ufundi kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1957, ambacho tangu mwaka 1997 huitwa Taasisi ya Teknolojia. Wengine wako Chuo Kikuu cha mji huohuo, ambako mafunzo ya uhandisi yalianza mwaka 1973. Wazazi hutuuliza: Je, yafaa Mkristo apokee sifa za wanadamu? Nasi twajiuliza neno la pili: Je, sisi tuzitoao sifa hizo, twazitoa kwa haki?

Swali la kwanza lina jibu jepesi. Mungu mwenyewe alimtaja Bezaleli kwa jina lake mbele ya Musa. Naye hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti, na ustadi wake ulitoka kwa Roho wa Mungu. Kando yake akatajwa Oholiabu wa kabila la Dani, na baada yao watu wengine wenye moyo wa hekima, ambao majina yao hatukuachiwa. Tena katika sura ya 35 twasoma ya kuwa wawili hao walipewa moyo wa kuwafundisha wengine. Basi mwalimu yumo, na mwanafunzi yumo, na mtumishi asiyejulikana jina yumo. Si dhambi kumheshimu fundi, maadamu twakumbuka kipawa chake kimetoka kwa nani.

Lakini angalieni ni wakati gani Musa aliwabariki mafundi wale. Kwanza aliitazama kazi yote, akaona kwamba imefanywa kama ilivyoagizwa, ndipo akawabariki. Macho yalitangulia, baraka ikafuata. Hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosa, na yatupasa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita tulijenga nyumba ya mafundisho katika mtaa mmoja wa usharika wetu. Msimamizi wa kazi aliimaliza mapema kuliko tulivyopatana, na fedha zikabaki. Tulifurahi mno. Tulimwita mbele ya madhabahu, tukamvika kitambaa kipya, akapigiwa vigelegele. Kumbe kijana mmoja aliyekuwa akikoroga udongo wa kujengea alikuwa amekwisha kumwambia mzee wa kanisa ya kuwa saruji inapunguzwa, na mchanga una udongo mwingi. Mzee alituletea habari hiyo, nasi tukasema, Mtoto huyu anajua nini? Masika ilipokuja, ukuta wa upande wa mlima ulianguka usiku. Mungu aliturehemu, hapakuwa na mtu ndani. Kama ungalianguka saa ya mafundisho, tungaliwazika watoto wetu.

Tulimwendea kijana yule kumwomba radhi. Akatujibu, "Baba Mchungaji, nami nina kosa. Nilisema mara moja tu, nikanyamaza. Ilinipasa kusema mara ya pili." Neno hilo lilituchoma kuliko ukuta ulioanguka.

Jambo kama hilo, lakini kubwa mno, lilitokea nchi ya Kanada. Karibu na mji wa Quebec watu walikuwa wakijenga daraja la chuma juu ya mto St. Lawrence. Mshauri mkuu wa kazi, Theodore Cooper, alikuwa mtu wa sifa nyingi miongoni mwa wajenzi wa madaraja Marekani. Alikuwa mzee, afya yake haikuwa njema, naye akaisimamia kazi akiwa New York. Nafasi ya katikati ya daraja iliongezwa kutoka mita 488 hata mita 549, wala uzito wa chuma haukuhesabiwa upya ipasavyo. Mwezi wa Agosti mwaka 1907 mhandisi kijana, Norman McLure, aliona vyuma vikipinda, akasafiri mpaka New York kumwarifu mkubwa wake. Cooper alipeleka simu kwa kampuni ya wajenzi huko Pennsylvania kwamba uzito usiongezwe tena. Lakini kazi haikusimamishwa kwa wakati. Jioni ya siku iyo hiyo, tarehe 29 Agosti, daraja lilianguka mtoni, wakafa watu 75. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake. Fikirini kilio cha kijiji kile.

Baada ya miaka hiyo wahandisi wa Kanada waliweka desturi inayotufundisha. Mwalimu wa chuo kikuu cha Toronto, H. E. T. Haultain, alitaka vijana wanaomaliza masomo wafungwe kwa ahadi. Rudyard Kipling aliandika maneno ya ibada yao, na mwaka 1925 pete za kwanza zilitolewa. Si pete za dhahabu, ni za chuma. Watu husema zilifuliwa kwa chuma cha daraja lililoanguka, lakini sivyo. Pete huvaliwa kidole cha mwisho cha mkono ule wa kufanyia kazi, hata mhandisi aandikapo huisikia ikigusa karatasi. Wala hapewi mshindi peke yake. Huvaa wote waliokubali ahadi. Hiyo ni heshima isiyosema, Umewapita wenzako, bali yasema, Maisha ya watu yako mkononi mwako.

Torati ilikwisha kunena hayo zamani. Ajengaye nyumba aliamriwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tazameni, upendo kwa jirani umepimwa kwa mawe na chokaa.

Basi ninyi wazazi, mtoto akirudi na cheti cha sifa, mshukuruni Mungu, kisha mwulizeni kama amejifunza pia kusema kweli mbele ya mkubwa. Ninyi walimu, msimdharau mwanafunzi aonaye ufa ambao ninyi hamkuuona. Ninyi vijana, mkiona vyuma vinapinda, semeni. Na msiposikilizwa, semeni mara ya pili. Nasi wachungaji na wazee, tusimvike mtu kitambaa kabla hatujaitazama kazi yake, wala tusimsahau mkoroga udongo.

Bwana wetu mwenyewe aliitwa fundi huko Nazareti, na watu wa mji wake wakamdharau kwa ajili hiyo. Na atujalie macho ya kuona, na masikio ya kuwasikia walio wadogo. Amina.