Chokaa Iliyokuwa Bado Vuguvugu

Usiku ule niliweka kiganja ubavuni mwa pipa la chokaa, nikakuta lina joto. Jua lilikuwa limetua zamani, ilikuwa yapata saa nne, na upepo wa kaskazi ulishaipoza mitaa yote. Nikamwambia mwenzangu, "Hili bado lina moto." Akanijibu, "Ni joto la mchana hilo, litapoa." Nikanyamaza. Nakisimulia kisa hiki kwa sababu ya kule kunyamaza kwangu, ili kijana mwingine anayejifunza nakshi za chokaa asije akanyamaza vilevile mbele ya ukuta wa watu.

Kazi ilikuwa Lamu, katika nyumba ya mawe ya bibi mmoja aliyeirithi kwa mama yake. Asiyezijua nyumba hizi za karne ya 18 na afuatane nami kidogo: unapita daka la mlangoni, unaingia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unavuka misana, vile vyumba vya mbele, na nyuma kabisa unafika ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko. Huko ndani, mahali pa bibi arusi na pa mzazi aliyejifungua, ndipo penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, kila kidaka kimezungushiwa nakshi za chokaa. Humo zilipangwa sahani za kaure zilizotoka Uchina, vitabu, na mapambo ya nyumba. Mwanga unaotoka kiwandani ukifika pale huwa umeshapungua, na weupe wa chokaa ndio unaouokota na kuurudisha chumbani.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haishiki mwiko. Zidaka zinabaki mikononi mwa mafundi wachache na vijana wanaojifunza kwao, na sisi wawili tulikuwa miongoni mwa vijana hao. Tulikuwa tumekaa na fundi wetu miezi minane. Tulishajua kupaka tabaka, kuchora maua kwa bikari, na kuchonga kwa kisu kidogo chokaa ikiwa na ugumu wa halua iliyolala. Mikono yetu ilikuwa imeanza kutii, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mkono hujifunza upesi kuliko subira.

Fundi akasafiri kwenda Mombasa kwa matibabu. Siku chache baadaye bibi akatuita. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Shaaban, zilibaki wiki tatu, na safu ya tatu ya zidaka ilikuwa imeanza kubambuka pembeni. "Wanangu, niwekeeni sawa hapo tu," alisema. Tungeweza kumwomba amsubiri fundi. Hatukumwomba.

Hapa yafaa nieleze tabia ya chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa tanuuni mpaka joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hewa ya ukaa iliyomo hutoka, likabaki jiwe jepesi lenye kiu kali. Ukilitia maji linachemka, linapasuka, linatoa mvuke. Tone moja likiruka jichoni laweza kukupofusha. Baadaye linakuwa uji mzito, nao uji huo hutunzwa shimoni chini ya maji. Ukishapakwa ukutani, unaivuta tena ile hewa ya ukaa, polepole mno, mpaka chokaa inarudi kuwa jiwe. Punje isiyopata maji ya kutosha shimoni haifi. Itakwenda ukutani ikiwa hai, na siku itakapoupata unyevu itavimba. Fundi wetu hakuruhusu chokaa iguswe kabla ya miezi mitatu. Sisi tuliipa siku nne.

Kwa hiyo lile joto la pipa lilikuwa habari kamili. Chokaa ilikuwa inatuambia kwamba bado inafanya kazi. Asubuhi yake ikatuambia tena. Tulipoichekecha, punje ngumu kama dengu zilibaki kwenye wavu, nyingi, na nyingine ndogo zikapita. Nilisugua moja kati ya vidole, ikanikwaruza. Mwenzangu alitaka kuichekecha mara ya pili kwa kitambaa, na safari hii mimi ndiye niliyesema tuna haraka. Silitaji hili kugawana lawama. Nataka msomaji aone kwamba kila mmoja wetu aliiona alama kwa wakati wake, na kila mmoja alimnyamazisha mwenziwe.

Kisha tukaugeukia ukuta. Fundi alitufundisha kugonga plasta ya zamani kwa kifundo cha kidole kabla ya kuitia patasi. Iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya kibuyu kitupu, na iliyoshika hutoa sauti fupi, nzito. Tuligonga. Pembe ya kushoto ilikuwa tupu, kama vipande viwili vya ukubwa wa sinia. Sehemu nyingine yote ilikuwa imeshika. Bibi naye, akiwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, akasema, "Hapo kati hapana kasoro, wanangu. Mama alikuwa akipafuta mwenyewe kila mwaka."

Tukamwambia kwamba ikibaki nusu ya zamani na nusu mpya, rangi hazitalingana siku ya arusi. Tukaing'oa safu nzima.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mengine yote yanatengenezeka. Kabla ya patasi ya kwanza ilitupasa kuweka karatasi juu ya nakshi ile na kuifuata kwa penseli, jani kwa jani, kisha kupima kina cha mchongo. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwenzangu akapiga picha moja kwa simu, akiwa amesimama mlangoni. Mwanga ulikuwa mdogo, na mkono wangu wenye nyundo ulikuwa umeziba upande mmoja. Hatukuikagua. Wewe unayejifunza, kama hushiki lolote katika haya, shika hili: usivunje ulichoshindwa kukichora. Plasta mbaya itapigwa upya, lakini ua lililochongwa na mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita halina pa kuombwa tena.

Chini ya ukuta tulikuta unga mweupe kama wa muhogo. Mwenzangu akauonja, ni chumvi. Kuta za matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa, na unyevu ukikauka huacha chumvi juu. Unga ule ulituambia ukuta unapumua kupitia pale. Fundi mwashi mmoja wa mtaani, mtu mwema aliyetaka kutusaidia, akashauri tupige saruji sehemu ya chini, kwani ni imara na inakauka upesi. Tukapiga saruji. Tukawa tumeuziba ukuta mdomo.

Juu tukapaka chokaa kwa unene wa vidole viwili kwa mpigo mmoja, badala ya tabaka nyembamba zinazosubiriana. Chokaa haitaki kukauka upesi, maana bila unyevu haiwezi kuivuta hewa na kugeuka jiwe. Ilitakiwa tuifunike kwa magunia yaliyolowa, lakini tuliacha dirisha wazi ili upepo ukaushe. Asubuhi tulikuta nyufa nyembamba kama nywele. Tukazipitishia brashi ya maji zikapotea, tukachonga maua yetu. Nilipomaliza, nilipitisha kiganja juu ya mchongo kikarudi cheupe, kama nimepapasa chaki. Hata hilo tuliliona.

Arusi ilipita vizuri. Zidaka ziling'aa, wageni wakatusifu, na bibi akatuombea dua. Nakiri sifa zile zilinifurahisha sana.

Siku kumi baadaye alituita. Ukuta ulikuwa umetoka vishimo, kila kimoja na punje nyeupe katikati, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Zile dengu zilizopita kwenye wavu zilikuwa zimepata unyevu wa chumba, zikavimba na kurusha vipande vya plasta mbele yake. Tukaziba. Zikatoka nyingine. Masika ilipoanza, unyevu uliokosa njia kwenye saruji ukapanda hadi kwenye safu yetu. Usiku mmoja wa mvua kubwa kipande cha upana wa mkeka wa kuswalia kikaanguka chote, kikavunja sahani mbili zilizokuwa chini yake. Moja ilikuwa ya mama yake bibi. Alikuwa ameviokota vigae na kuviweka kwenye kanga alipotufungulia mlango.

Hakutukemea. Alisema tu, "Mngeniambia hamjawa tayari, wanangu, ningengoja. Arusi hufanyika hata kwa shuka ukutani."

Fundi aliporudi akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ile. Aliugonga ukuta kuanzia chini hadi juu, akiinamisha kichwa kusikiliza. Akachukua punje moja, akaitia kwenye kikombe cha maji, akatuonyesha jinsi ilivyofumka. Kisha akauliza, "Nakshi ya zamani mliichora wapi?" Mwenzangu akampa simu. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaikuza, akaipunguza, akairudisha bila neno.

Tulibandua saruji yote, tukauacha ukuta wazi miezi kadhaa utoe unyevu wake, tukipangusa chumvi kila wiki kwa brashi kavu. Tulichimba shimo jipya la chokaa, tukaandika tarehe kwenye ubao tukaupigilia pembeni. Safari hii tulingoja, na tulipopaka, tulipaka nyembamba chini ya magunia yaliyolowa. Nilisugua kiganja changu pale baada ya miezi miwili, kikabaki safi.

Safu ya kwanza, ya pili na ya nne zina nakshi zake za asili. Safu ya tatu ni nyeupe tupu. Siku hizi tuna uwezo wa kuichonga, na bibi ametupa ruhusa tuweke ua lolote tunalolipenda. Fundi alikataa. Alisema nafasi ile si ya ua tunalolipenda sisi, na lile lililokuwapo hakuna kati yetu anayekumbuka lilikuwa na majani sita au manane.