Kipimo cha Dau

Nilipokuwa nikisomea ualimu, sisi vijana tuliotoka pwani ya kusini tulikuwa na desturi ya kukusanyika jioni bwenini na kucheza poka. Dau letu lilikuwa komwe, zile zile zichezewazo bao. Fedha hatukuigusa, kwa kuwa wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba kamari ni haramu, na mlezi wa bweni naye hakuwa mtu wa mzaha. Walakini mchezo ule wa komwe ulinitia swali ambalo halijaniondoka mpaka leo: mtu ambaye bado hana, lakini yamkini atapata, ana haki ya kudai kiasi gani?

Kwa faida ya msomaji asiyeujua mchezo huo, nitaueleza kwa ufupi. Katika poka ya namna tuliyoicheza, kila mtu hugawiwa karata tano, akaweka dau, kisha akawa na ruhusa ya kutupa karata asizozitaka na kupewa nyingine badala yake. Karata tano za jinsi moja, tuseme kopa tupu, ni mkono mkubwa. Sasa fikiri kwamba umeshika kopa nne na pau moja. Mkono wako si kitu. Hata mwenye jozi ya wawili akushinda. Lakini ukiitupa ile pau, katika karata 47 usizoziona zimo kopa 9. Basi mara moja katika tano, au pungufu kidogo, mkono wako utatimia.

Hapo mchezaji hodari hangoji kimya. Huweka dau kama kwamba kopa zote tano tayari amezishika. Mwenzake akiogopa na kukimbia, amelichukua fungu la katikati bila ya kuonyesha karata. Mwenzake asipoogopa, bado kopa yaweza kuja. Huyu hutofautiana na mtu atishaye hali hana lolote. Mmoja ana mlango mmoja wa kutokea, mwingine ana miwili.

Dau hilo liwe kubwa namna gani? Tuseme katikati pana komwe 12. Mtu asiye na kitu akiweka 6, yatosha mwenzake akimbie mara moja katika tatu ili asipate hasara. Akiweka 12, lazima mwenzake akimbie nusu ya mara zote. Akiweka 24, mara mbili katika tatu. Lakini mwenye kopa nne, tukikadiria kwamba kopa ya tano ikija atashinda na isipokuja atashindwa, aweza kuweka 12 na kuridhika mwenzake akikimbia mara tatu tu katika kumi. Lile tumaini lililo kasoro limempunguzia hatari. Tuliyapiga mahesabu haya kwa mkaa juu ya sakafu, na sikumbuki hesabu nyingine ya chuoni iliyonipendeza zaidi.

Lipo jambo lililonistaajabisha kupita hayo. Siku za mwanzo nilikuwa nikiweka dau dogo nilipokuwa nikingojea karata, na dau kubwa nilipokuwa nimeshika mkono uliotimia. Nilijiona mwadilifu. Baada ya siku tatu wenzangu walinisoma kama kitabu cha darasa la kwanza: nikiweka kubwa walikimbia wote, nikiweka dogo walinifuata na kuninyang'anya. Mwanahesabu John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, alilieleza jambo hili pamoja na Oskar Morgenstern katika kitabu chao cha mwaka 1944: asiyetisha hata mara moja huwafundisha wengine wakati wa kumkimbia. Kwa hiyo, hodari hufanya dau lake liwe sawa, akiwa nacho na akiwa anakingojea, ili kipimo kisiseme neno.

Je, huo ni uongo? Nilibishana na nafsi yangu siku nyingi, na jibu langu ni kwamba si uongo. Kila aliyeketi juu ya mkeka ule aliketi kwa hiari yake, akiijua sheria, na akijua kwamba dau la mwenzake halikuahidi kusema kweli. Tena alikuwa na haki ya kuweka komwe zake na kusema, "Onyesha." Na ikiwa karata haikuja, komwe zilizopotea zilikuwa zangu mimi niliyetisha.

Ningaliishia hapo kama si kwa jambo lililotukia Msambweni, msimu wa kusi, bahari ilipokuwa chafu na samaki haba. Jamaa yangu mmoja, mvuvi wa makamo, alikuwa ametega malema manne nje ya mwamba. Alfajiri moja alimjia mama karanga, ndivyo tuwaitavyo kwetu wanawake wakaangao samaki na kuwauza, akamwambia, "Shikamoo, mjomba. Nimepewa kazi ya arusi kesho. Nipate kilo ngapi kwako? Kama huna, niende Gazi mapema."

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Gazi ufuate nini? Thelathini zako zimo mkononi."

Thelathini hazikuwamo mkononi. Zilikuwamo baharini, au hazikuwamo. Jamaa yangu hakuwa mwongo wa kawaida, kwa sababu malema aliyatega kweli, na katika wiki njema yaliwahi kutoa kiasi hicho na zaidi. Alikuwa na kopa nne. Lakini kipimo cha neno lake hakukichagua kwa kuitazama bahari. Alikichagua kwa kuyatazama macho ya mama yule na kukisia ni namba gani itakayomzuia asiende Gazi. Ishirini pengine isingalimzuia. Thelathini ilimzuia. Yule mama alinunua mafuta, kuni na unga, akampelekea mwenye arusi habari kwamba asiwe na wasiwasi. Siku ya pili malema yalipoinuliwa yalitoa kilo nane.

Wako watu wasemao kwamba biashara yote ndiyo poka. Albert Carr, Mmarekani, aliandika makala mwaka 1968 katika jarida la chuo cha Harvard akishikilia kwamba mfanyabiashara atishaye hana dhambi kuliko mchezaji wa karata, maana kila mmoja anaijua kanuni. Makala ile ina kweli ndani yake. Nendeni Diani mkamsikilize muuza vinyago akitaja shilingi elfu tatu na mgeni akijibu mia tano: wote wawili wanacheka, wote wawili wamo mchezoni. (Mgeni aliyeshuka jana, asiyejua kwamba bei hupatanwa, hayumo; naye huyo hulipa elfu tatu.) Lakini mama karanga hakuketi juu ya mkeka wowote. Alikuja kuuliza habari ili apange kazi yake, naye akapewa dau badala ya habari.

Hata neno dau nalitumia hapa kwa makosa. Dau ni kile mtu akitoacho katika mali yake na kukiweka mbele ya wote. Jamaa yangu aliweka nini? Mafuta yalikuwa ya mama, kuni za mama, na jina jema mbele ya mwenye arusi lilikuwa la mama. Kama angalisema, "Thelathini natumaini, na zikipungua gharama ya mafuta ni juu yangu," hapo angalikuwa ameweka dau la haki, hata kama ni kubwa kupita kiasi, naye mama angaliweza kulipima na kuamua mwenyewe.

Sisemi kwamba mtu asiahidi ila kilichomo kikapuni. Mkulima wa Kwale hutia mahindi ardhini kabla hajaliona wingu, na mwalimu huwaambia wazazi kwamba mtoto wao atafaulu, akiwa na dalili nusu tu. Wala sipuuzi kwamba jamaa yangu alikuwa na watoto wa kulisha, na kwamba wakati wa kusi kusema "sijui" humpoteza mnunuzi. Ukweli ungalimgharimu. Lakini gharama hiyo ilikuwa yake, naye akaipitisha kwa mwingine bila ya kumwuliza.

Usiku wetu wa mwisho chuoni nilikuwa na kopa nne tena. Palikuwa na komwe 12 katikati, nami nikaweka 24. Rafiki yangu wa Shimoni alinitazama kitambo kirefu, akasukuma 24 zake. Niliinua karata yangu ya tano: shupaza. Tulicheka sana, na komwe zote zikarudi mfukoni mwake.

Yule mama alikaanga kilo nane jioni ile, na zilizopungua alizitafuta kwa majirani kwa bei waliyoitaka wao. Jamaa yangu, kwa muda wa wiki mbili, aliteremka pwani kwa njia ya minazini, iliyo ndefu zaidi, ili asipite mbele ya jiko lake.