Bahari Sebuleni na Uongo Unaotufaa

Mtu akitaka kuweka bahari sebuleni, yaani tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wa rangi, hakosi kuambiwa mambo fulani. Kwamba samaki hukua kwa kipimo cha tangi, basi tangi likiwa dogo naye atabaki mdogo, hana shida. Kwamba hana kumbukumbu, kila sekunde tatu anaanza maisha upya, kwa hiyo hachoki kuzunguka. Kwamba matumbawe ni mawe yenye rangi. Kwamba anayejifunza aanze na tangi dogo. Kwamba maji yakijazwa leo, samaki anaweza kuingia kesho.

Hakuna hata moja lililo kweli. Matumbawe ni wanyama, vinyama vidogo vingi vyenye midomo, na ndani ya miili yao mnaishi mwani mdogo mno unaowatengenezea chakula kwa mwanga. Tangi dogo ndilo gumu zaidi: maji yanayokauka huondoka na kuiacha chumvi, na lita moja ikipungua kwenye lita 20 mambo yameharibika, ilhali kwenye lita 500 huioni. Tangi jipya nalo linahitaji wiki kadhaa, mpaka bakteria wazaliane wa kutosha kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Samaki anayetiwa siku ya pili anaogelea ndani ya sumu yake mwenyewe. Na yule aliyebaki mdogo hakujirekebisha kulingana na chumba. Amedumaa, kama anavyodumaa mtoto asiyelishwa.

Mafunzo ya ufugaji nayaacha hapo, wapo wanaoyajua kunishinda. Kinachonikera ni jambo jingine: hebu tazama uongo huu wote umeegemea upande gani. Mbona hakuna uvumi unaosema samaki ana akili kuliko alivyo, au kwamba anahitaji nafasi kubwa kuliko anayohitaji kweli? Ujinga wa kawaida hukosea huku na huku. Huu unakosea upande mmoja tu, upande wa kutupunguzia gharama, muda na lawama. Kwangu mimi hiyo ni ruhusa iliyovaa nguo za elimu.

Sasa swali: anayeuamini kwa moyo safi ana hatia? W. K. Clifford, mwanahisabati Mwingereza, alilijibu mwaka 1877 katika insha yake kuhusu maadili ya kuamini. Alitupa mfano wa mwenye meli kuukuu aliyeanza kuitilia shaka, akaubembeleza moyo wake mpaka ukatulia, kisha akaiacha meli iondoke na abiria. Ilipozama alilipwa bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, hata kama imani yake ilikuwa ya dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Tena anaongeza kwamba hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayomhusu mwenye tangi ambaye samaki wake, kwa bahati, hawajafa.

Ningeishia kwa Clifford, ila yupo mtu mmoja anayeniharibia hesabu. Philip Henry Gosse, aliyeipatia Uingereza homa ya matangi kwa kitabu chake The Aquarium cha 1854, hakuamini uvumi wowote. Aliijua bahari vidimbwi kwa vidimbwi, akaipenda kwa unyenyekevu wa mcha Mungu. Wasomaji wakapenda alichokipenda. Wakamiminika ufukweni na ndoo na patasi, wakabandua anemoni miambani. Mwanawe Edmund, ambaye utotoni alikuwa akiandamana naye maji yakipwa, aliandika katika Father and Son, mwaka 1907, kwamba uzuri ule ulikwisha haribiwa na jeshi la wakusanyaji, na kwamba baba yake, bila kukusudia, ndiye aliyeleta balaa lile, nalo lilimuuma sana. Wengi husoma kitabu hicho kwa ajili ya ugomvi wa imani kati ya baba na mwana. Mimi hurudi kwenye kurasa za vidimbwi. Gosse alikuwa na ukweli wote mkononi, na ukweli haukuvilinda vidimbwi.

Kuna samaki mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, yupo hata kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki. Kazi yake ni kuwasafisha wenzake: wanakuja, wanatulia, naye anawatoa vimelea mmoja mmoja. Dukani huuzwa kama mhudumu wa usafi. Lakini baharini ana wateja mamia kwa siku, na tangini atawapata sita au saba, tena wasio na vimelea. Wengi hufa kwa njaa wakiwa kazini. Mwaka 2019, Masanori Kohda na wenzake walichapisha jaribio: walimtia samaki huyu alama kooni, wakamwekea kioo. Alipoiona alama kwenye kioo, alikwenda kusugua koo lake chini. Wasomi bado wanabishana kama huko ni kujitambua. Wabishane. Mimi nadhani aliyekwisha msoma huyu na bado akamwita “vifaa vya usafi” hawezi tena kusema hakuambiwa.

Sisemi matangi yavunjwe. Kwenye pwani ya Kenya wapo wazamiaji wanaolisha familia kwa kuwavua samaki hawa kwa nyavu na kuwasafirisha wakiwa hai, na samaki mmoja mzima anaweza kuwapa fedha kuliko akiuzwa kwa kilo sokoni. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wengine wamevuliwa kwa sianidi, na bei dukani haikuonyeshi tofauti. Yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, ambaye watoto wanamwita Nemo, huzalishwa tangini kwa urahisi. Yule wa buluu, rafiki yake wa kwenye filamu, alizalishwa utumwani kwa mara ya kwanza mwaka 2016 huko Florida, na wengi wao bado hutoka baharini. Kwa hiyo kuna la kuuliza kabla ya kutoa pesa: huyu alizaliwa wapi, alivuliwa na nini? Na jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja: Nemo akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtoto anayemlilia dukani leo atakuwa amehama nyumbani, na mama ndiye atakayebaki akipima chumvi.