Mashuhuri kwa Nani?

Kijana mmoja anayejitolea kuhariri kamusi elezo ya Kiswahili, ile ya bure iliyoanza mwaka 2003, aliniuliza kama nina gazeti lolote, hata kipande, linalomtaja mwigizaji fulani wa michezo ya TVZ ya miaka ya 1980. Alishaanza kuandika makala juu yake, mistari minne tu, "mbegu" kama wanavyoiita wenyewe. Mhariri mwenzake akataka ifutwe kwa kuwa haina chanzo. Mwigizaji mwenyewe hakuwahi kuwa nyota. Yeye alikuwa jirani, alikuwa shahidi wa harusi, alikuwa yule mzee anayepiga hodi, anasema maneno mawili, na watu hoi kwa kicheko. Jina lake silitaji, na sababu utaiona mbele.

Gazeti sikulipata. Lakini swali halikuniacha: anastahili au hastahili?

Kwanza tulitazame hilo neno, maana linachanganya. Kanuni za kamusi elezo haziulizi kama mtu alikuwa na kipaji, wala kama aliwafaa watu. Zinauliza kama watu wasio ndugu zake wala waajiri wake wameandika habari zake, kwa kina, mahali panapoaminika. Basi. Sisi kanuni hiyo tunaiita umaarufu au umashuhuri, na hapo ndipo kichekesho kilipo, kwa sababu maneno hayo mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu na yote mizizi yake ni kujulikana. Hayana karatasi ndani yake. Ukisema fulani ni maarufu, mtu wa Ng'ambo hakuulizi ameandikwa wapi. Anakuuliza: wewe humjui?

Sasa, kwa nini huyu bwana hakuandikwa? Hapa historia yetu ina lake la kusema. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya rangi, na hutajwa kuwa ya kwanza ya rangi Afrika kusini mwa Sahara. Bara ilibidi isubiri mpaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Kwa miaka ishirini hivi, visiwa vidogo vilikuwa na televisheni na nchi kubwa haina. Lakini magazeti yalikuwa kinyume chake. Magazeti ya kila siku yaliandikwa Dar es Salaam, mji ambao haukuwa na kituo, na Zanzibar Leo lilikuja baadaye sana. Kwa hiyo wenye kuandika hawakuwa na televisheni ya kuiandikia, na wenye televisheni hawakuwa na pa kuandika. Mwigizaji wetu alidondoka katikati ya pengo hilo. Kosa si lake.

Linganisha na Uingereza. BBC, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda zake nyingi ili izitumie tena. Vipindi zaidi ya 90 vya Doctor Who vilipotea hivyo. Hata hivyo, ukitaka kujua nani aliigiza mlinzi wa mlango katika kipindi ambacho picha yake imepotea, utajua, kwa sababu jarida la Radio Times lilichapisha majina ya waigizaji wiki kwa wiki. Picha ilikufa, karatasi ikabaki. Huyo mlinzi wa mlango leo anaorodheshwa bila ubishi. Na ndiyo maana hata kwa Kiswahili ni rahisi zaidi kuandika mbegu ya mwigizaji mdogo wa tamthilia ya Marekani kuliko ya mtu aliyechekesha Michenzani nzima. Yule ana vyanzo. Wetu ana wapenzi.

Mpaka hapa ningeweza kuishia na kulaani kanuni, na wasomaji wangepiga makofi. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na najua kanuni ile inazuia nini. Inamzuia msanii mwenye filamu moja na meneja mwenye maneno mengi. Inamzuia shemeji anayetaka kumtukuza shemeji. Tena, nikiwa mkweli, hata karatasi yenyewe haiko safi kama wahariri wa mbali wanavyodhani: habari ngapi za wasanii zimeingia magazetini kwa sababu ya bahasha? Karatasi ni ushahidi kwamba mtu fulani aliamua kuandika, na mara nyingine aliamua kwa nauli ya siku hiyo. Upande wa pili, kukosa karatasi kumewahi kumkosesha hata mkubwa. Mei 2018 rasimu ya makala ya Kiingereza kuhusu mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Oktoba mwaka ule ule akapewa Nobeli. Ikiwa profesa wa Kanada alipita katikati ya tundu la wavu, sembuse mzee wa TVZ?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza mradi wa kurekodi wazee na mafundi India na Afrika Kusini, ili sauti zao zitumike kama vyanzo. Wahariri wengi wa Kiingereza hawakukubali. Wanasema mdomo hauthibitishiki.

Hapo nawakatalia, na nina sababu ya hapa hapa kwetu. Mtu yeyote aliyekaa darasani kwa masheikh anajua kwamba kuna elimu nzima ya kupima maneno ya mdomo: nani kakwambia, yeye kasikia kwa nani, walikutana kweli? (Sifananishi mchezo wa televisheni na Hadithi za Mtume, msinitafute.) Katika elimu hiyo kuna daraja linaloitwa mutawatir, habari iliyopokewa na watu wengi mno kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo. Chini yake kuna mash'hur, ambayo haishuki chini ya wapokezi watatu katika kila ngazi. Yaani neno letu mashuhuri, kabla halijawa la wasanii, lilikuwa kipimo, na kilichohesabiwa ni midomo.

Basi nikaenda kuhesabu midomo. Jaws Corner kwenye kahawa, Darajani kwa wauza vitabu, halafu kwa shangazi zangu Kikwajuni. Kila aliyepita miaka arobaini na tano alimjua. Mmoja alisimama akaigiza mwendo wake, watu wakacheka upya. Nikasema alhamdulillahi, mutawatir hiyo. Kisha nikauliza: jina lake nani? Wote wakanipa jina la mchezoni. Jina lake hasa? Nikapata matatu tofauti. Alicheza michezo gani? Kimya, halafu ubishi. Mmoja akaapa kwamba alishakufa.

Hapo nikaona kuwa midomo ilikuwa imethibitisha kitu, ila si kile nilichokuwa nakitafuta. Aliyekuwa mashuhuri ni mhusika, na mtu mwenyewe alikuwa amejificha nyuma yake. Ningeweza kuandika makala kamili juu ya yule jirani wa mchezoni, lakini juu ya aliyembeba nilikuwa na mistari ile ile minne.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alimchukua mtoto wa Fumba, muuza vyungu, akamweka kitabuni pamoja na wakubwa. Lakini Siti alikuwa na sahani za santuri tangu 1928. Nyuma yake walikuwapo wapigaji, kina Subeti Ambar na Mbaruku, na wengi wetu tunawajua hao kwa sababu tu walikaa karibu naye. Labda ndiyo njia ya haki kwa wadogo: waingie ndani ya makala ya kitu kikubwa walichokijenga pamoja. Andika makala ya maigizo ya TVZ, mtaje humo, kwa sentensi mbili za uhakika. Nilimwambia kijana hivyo. Akanijibu, "Bro, hata hayo maigizo hayana chanzo."

Ilibaki mimi kuandika chanzo, yaani nimhoji, ichapishwe, halafu kamusi elezo inukuu. Hili lilinipa shida kuliko yote. Nikiandika ili mtu apate kuingia, mimi bado ni shahidi au nimeshakuwa wakili? Nikajiwekea sharti: nitaandika kama jambo lenyewe lina habari, hata kama kamusi elezo isingekuwepo. Na habari ilikuwepo. Nikaenda.

Mzee yu hai, anaishi nje kidogo ya mji. Binti yake ndiye aliyefurahi. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, kikishaingia humo, mtu anaweza kukitoa?" Nikamwambia si rahisi, na si yeye atakayeamua. Akatikisa kichwa. Ule ulikuwa ujana, akasema. Sasa hivi watoto wa madrasa wanamwita maalim, na wazazi wao hawajui habari za TVZ. Hakusema anaona haya. Alisema amepumzika.

Binti akadakia: "Baba, na wajukuu je?" Wakaanza kubishana wao kwa wao, mimi nimeshika chai.

Maoni yangu kwa sasa ni haya: maigizo yanastahili makala, na nitayaandikia kwa gazeti, kwa majina ya waliokubali. Mzee anastahili kuulizwa. Kanuni za kamusi elezo, kwa marefu yake yote, zinajali sana wengine wamesema nini juu ya mtu, na mwenyewe anaulizwa mwisho kabisa, kama anaulizwa.

Nina saa mbili za sauti yake kwenye simu. Nusu aliniomba nifute, nikafuta mbele yake. Ile mbegu ya mistari minne ingalipo, na mstari wa tatu una kosa kuhusu kijiji alikozaliwa. Nilimuuliza kama nimwambie kijana asahihishe. Akasema, "Liache kwanza."

Binti yake kanipigia tena jana.