Je, Yuko Mtu wa Nuksi Chomboni?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: swali la waraka huu ni dogo kwa sura, wala si dogo kwa matokeo yake. Mtu akitumbukia majini watu wakacheka, kisha akapatwa na mkasa wa pili na wa tatu, je, ni haki kusema kwamba mtu huyo ana nuksi, na kwamba chombo apandacho hakina kheri? Wengi huliona neno hili kuwa ni mzaha tu. Lakini mzaha huu umewakosesha watu riziki, na kwa sababu hiyo wastahili kupimwa kwa mizani ya dini na ya akili.

Mtaa wa Mfaranyaki, katika mji wa Songea, hauna ziwa mlangoni pake. Maji ya karibu ni ya mito, na mto Ruvuma wenyewe huanzia katika milima ya Matogoro iliyo kando ya mji, ukiwa mchanga bado. Ziwa Nyasa liko mbali, upande wa magharibi. Mwenye kulitaka hupita Mbinga, kisha huteremka kilomita 66 hatta akafika Mbamba Bay. Hata hivyo ziwa limo vinywani mwa watu wa mtaa huo, kwa kuwa dagaa wake huliwa mjini, na wako vijana washukao huko kutafuta riziki, nao hurudi na khabari. Na khabari zipendwazo barazani si za samaki waliopatikana, bali ni za walioponyoka.

Na uwekwe mfano wa kijana mmoja wa namna hiyo, aliyezaliwa mlimani na kuzoea jembe. Siku ya kwanza, alfajiri, mtumbwi ulipokaribia pwani, aliinuka kwa furaha kuwapungia mkono waliokuwa wakingojea samaki. Mtumbwi wa gogo moja haumpendi mtu asimamaye. Ukapinduka, na dagaa wa usiku kucha wakarejea kwao, na maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni. Siku ya pili aliamriwa kutia nanga. Akaliinua jiwe akalitupa kwa nguvu zake zote, nalo likazama vizuri sana, na kamba ikabaki miguuni pake, kwa kuwa hapana aliyemwambia kwamba huanzwa kwa kufunga. Siku ya tatu aliona wingu jeusi limesimama juu ya maji mfano wa moshi, akapiga ukelele kwamba meli yaungua. Wote wakapiga makafi kwenda kuokoa, wakaingia katikati ya kungu, wale wadudu wadogo sana watokao ziwani makundi kwa makundi, wakarudi wamejaa wadudu machoni, puani na ndevuni. Siku ya nne wavu ulinasa mwambani ukachanika.

Ni nani asiyecheka? Hata mwenyewe kijana alicheka, ila siku ya nne. Hapo ndipo mmoja katika wenziwe aliponena kwamba tangu huyu kupanda chombo hapana siku njema. Na wa pili akamwita Nuksi. Na jioni jina likawa limeenea pwani yote. Asubuhi aliambiwa kwamba nafasi yake imejaa. Akaenda kwa mwenye chombo kingine, akakuta jina limemtangulia. Akapanda gari kurudi Mfaranyaki, na huko pia jina lilikuwa limekwisha fika pamoja na magunia ya dagaa, na mzee aliyekuwa tayari kumwoza binti yake akaanza kusema kwamba mambo haya hayataki haraka.

Basi tazama, ewe msomaji, jinsi jambo hili lilivyopanda daraja. Kwanza kilikuwa kicheko, kisha likawa jina, kisha ikawa hukumu. Na hukumu hiyo haikuwa na kadhi, wala shahidi, wala siku ya rufani.

Ama kicheko, dini haikukikataza. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitabasamu, na mzaha alifanya, ila katika mzaha wake hakusema uwongo. Lakini aliuwekea mzaha mipaka, na mipaka hiyo yaonekana wazi katika visa viwili. Kimoja ni cha Abdallah bin Masud (R.A.), aliyekuwa akikata miswaki mtini. Miguu yake ilikuwa myembamba, na upepo ukamyumbisha, watu wakacheka. Mtume aliwauliza sababu ya kucheka kwao, wakamtajia wembamba wa miguu ile. Naye akawajulisha kwamba katika mizani ya Mwenyezi Mungu miguu hiyo ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Cha pili ni cha sahaba aliyelala safarini, na mwenziwe akaichukua kamba aliyokuwa nayo, naye akaamka kwa hofu. Mtume alieleza kwamba si halali kwa Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenziwe. Kwa visa hivi yafahamika kwamba kucheka mkasa ni jambo moja, na kumshusha mtu thamani kwa mkasa wake ni jambo lingine. Tena katika Sura ya Hujurat yamekatazwa yote mawili: watu kuwadharau watu, ambao huenda wakawa ni bora kuliko wao, na kupachikana majina maovu.

Ama nuksi yenyewe, ni itikadi kongwe kuliko Uislamu. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa mtu akitaka safari humfukuza ndege. Akiruka upande wa kuume huenda, na akiruka upande wa kushoto hurudi nyumbani. Ndipo ikaitwa tiyara, neno litokalo katika jina la ndege. Na Kiswahili nacho kimehifadhi alama ya itikadi hiyo, kwani mambo yakiharibika husemwa kwamba ni ndege mbaya. Mtume aliikanusha tiyara, akaukanusha na uovu uliodhaniwa kuwamo katika mwezi wa Safar, ambao Waswahili huuita Mfunguo Tano. Aliloliridhia ni neno jema lenye kumpa mtu matumaini.

Tena yafaa kukumbuka ni nani walioitwa nuksi zamani. Watu wa Firauni walipopatwa na shida walisema kwamba ni nuksi ya Musa na walio pamoja naye. Na watu wa mji uliotajwa katika Sura ya Yasin waliwaambia wajumbe wa Mwenyezi Mungu maneno ya namna hiyo hiyo. Kwa hiyo amwitaye mwenziwe nuksi na ajue kwamba ametwaa ulimi wa Firauni, na yule aliyeitwa amewekwa katika safu ya Mitume.

Huenda mtu akasema: Mbona Nabii Yunus alipopanda jahazi lililojaa ilipigwa kura, ikamwangukia, akatupwa baharini? Je, si dalili kwamba chombo chaweza kutaabika kwa sababu ya mtu mmoja?

Jawabu ni kwamba kisa kile ni cha Mola na Mtume wake, nacho kimejulikana kwa wahyi. Mabaharia wa leo hawakuteremshiwa wahyi juu ya mwenzao. Tena Yunus hakuwa mtu wa nuksi. Alikuwa Nabii aliyeondoka kwa watu wake kabla ya kuruhusiwa, akarudiwa kwa rehema ndani ya tumbo la samaki, na watu wake wapatao laki moja au zaidi wakaamini. Mwenye kukishika kisa hiki ili apate kumtupa mwenziwe, ameshika mwanzo wake na kuuacha mwisho.

Tukiacha dalili za dini, akili nayo ina neno lake. Hesabu ya nuksi huandikwa upande mmoja tu wa daftari. Siku ambayo wavu ulichanika, yule kijana alikuwamo, ikaandikwa. Siku ambayo wavu ulijaa naye alikuwamo, haikuandikwa. Na siku ambayo hakuwamo, na wavu ukatoka mtupu, ikasemwa kwamba ni mbalamwezi. Daftari la namna hii mwenye duka akiliona kwa karani wake humfukuza siku ile ile.

Iko na khabari moja ya kweli ya Ziwa Nyasa ifaayo mahali hapa. Mwaka 1914, vita vikuu vilipoanza, Waingereza walikuwa na meli yao ziwani, jina lake Gwendolen, na Wajerumani walikuwa na yao, Hermann von Wissmann. Manahodha wa meli hizo, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki. Mwezi wa Agosti meli ya Mjerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali Wajerumani walipopaita Sphinxhafen. Khabari ya vita ilimfikia Rhoades kwanza, naye akaja akaipiga meli ile kwa mzinga. Berndt, asiyejua lolote, aliingia katika mashua akamwendea rafiki yake kwa ghadhabu, akimpigia kelele na kumuuliza kama amelewa. Ndipo akaambiwa kwamba pana vita, na kwamba yeye ni mateka.

Watu wameicheka khabari hiyo kwa zaidi ya miaka mia, wala hapana asemaye kwamba Berndt alikuwa na nuksi. Sababu yajulikana: hakupata khabari. Basi kwa nini nahodha wa meli akiingia katika fedheha husemwa kwamba hakuambiwa, na kijana wa mlimani akitupa nanga isiyofungwa husemwa kwamba ana nuksi, ilhali naye pia hakuambiwa? Mkubwa hutafutiwa sababu, na mnyonge hutafutiwa jina. Hiyo ndiyo dhulma iliyofichika ndani ya neno hili.

Na iko madhara ya pili, nayo ni kwamba nuksi huzuia watu wasiulize liwapasalo kuuliza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 220; na kiasi cha kivuko kile kilikuwa abiria 101. Lau mtu angesema kwamba mle mlikuwa na abiria wa nuksi, angekuwa ameufunga mlango wa swali lenye kuokoa roho, yaani swali la uzito na idadi. Vivyo hivyo mtumbwini. Kamba iliyooza, ufa usiozibwa, na mwenye chombo atwekaye siku ya upepo wa mwera, ambao wavuvi wa Nyasa waujua kwamba huwa mkali miezi ya Mei hatta Agosti, wote hufurahi nuksi ikitajwa, kwa kuwa hapana atakayewatazama tena. Hata ile methali isemayo kwamba ajali haina kinga hutumiwa vibaya na wavivu. Ajali ya kweli haina kinga; lakini nanga ina kamba, na kamba ina fundo.

Huenda mwingine akasema: Kila kitu ni kadari, basi sababu zina kazi gani? Huyu na akumbuke kisa cha Nabii Musa na Khidhr. Khidhr alikitoboa chombo cha masikini wafanyao kazi baharini, na Musa akakataa tendo hilo kwa kuwa kwa dhahiri lilikuwa ni uharibifu. Kisha ikabainika kwamba mbele yao alikuwako mfalme anyang'anyaye kila chombo kizima, na kwamba tundu lile ndilo lililowahifadhia mali yao. Kisa hiki chafundisha kwamba mkasa huweza kuwa mlango wa kheri isiyoonekana, na kwa hiyo mtu asikate tamaa. Hakifundishi watu watoboe vyombo, wala hakimpi fundi mvivu udhuru wa kuacha ufa. Kwani Khidhr alifanya kwa ilimu aliyopewa, na fundi huyo hana ila uvivu wake. Kutegemea kwa Mwenyezi Mungu huja baada ya kufunga kamba, si badala yake.

Basi yawapasayo watu wa chombo kimoja ni haya. Kwanza, mgeni wa maji afundishwe kabla ya kuchekwa, na anayemcheka kabla ya kumfundisha ajue kwamba sehemu ya kosa ni yake. Pili, mkasa ukitokea, itafutwe sababu iliyo mikononi mwa watu, na itengenezwe siku ile ile. Tatu, khabari ya kuchekesha ikisimuliwa barazani, msimulizi alifiche jina la mwenyewe, ila akiwapo na akiridhia. Nne, asifukuzwe mtu chomboni kwa nuksi. Akifukuzwa kwa uvivu au hiana, aambiwe hivyo usoni ili apate kujitetea au kutubu. Tano, na aliye na jina baya juu yake apewe nafasi na mtu wa kwanza mwenye imani, ili jina hilo lianguke. Na atakayefanya hivyo amemrudishia ndugu yake riziki na heshima kwa mara moja.

Na yeyote akaaye salama leo asijivune. Hujafa hujaumbika, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngamani, maji yaingiapo, hayamchagui mwenye bahati.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wavuvi wa maziwa na bahari, awarudishe kwao na vyombo vyao, na awaepushe waja wake na dhulma ya ndimi. Amin. Wallahu aalam.