WINGU UMELIONA, JE, UMEJIANDAA?

Kijana wa Runazi, kiangazi kikiisha, ukiona wingu jeusi unakimbia kuanua muhogo na kuweka mawe juu ya bati. Huiambii mvua, "Ngoja kesho!"

Tarehe 6 Novemba 2022, hapa hapa mkoani Kagera, ndege ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43, walikufa 19. Hawakuwa wabaya kuliko mimi na wewe.

Je, ingekuwa wewe? Dhoruba haipigi hodi, rafiki! Soma Mathayo 7:24-27. Yesu ndiye Mwamba.

Sali sasa: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, niokoe leo. Amina."