Kipande Changu Kiko Wapi?

Nataka kuuliza neno moja linalowahusu walimu, wazazi na wote wenye kulea watoto. Je, ni vema kutengeneza kwa siri kazi ya mtu mwingine, ili ionekane nzuri kuliko alivyoweza yeye? Wengi watajibu upesi: «Kwa nini sivyo? Kusaidia ni wema.» Hata mimi nilijibu hivyo zamani, mpaka msichana mmoja aliponifundisha.

Nilikuwa nikifundisha kushona katika shule ya wasichana. Mwaka ule tulikata shauri kutengeneza kitambaa kikubwa cha viraka kwa sikukuu ya parokia. Wanafunzi walikuwa 24. Kila mmoja alipewa kipande cheupe, sentimita 30 kila upande, adarizi juu yake kitu alichochagua mwenyewe: ndege, kalisi, mtumbwi, hindi. Kisha vipande viliunganishwa kwa viraka vya vikwembe vikuukuu walivyoleta kutoka nyumbani, safu 6 za vipande vinne vinne.

Mmoja wao alikuwa na mkono mzito. Alichagua kuku na vifaranga vyake, akafanya kazi majuma matano. Mishono yake ilikuwa mirefu hapa na mifupi pale. Uzi aliuvuta mno, hata kitambaa kikakunjamana, na kuku akafanana na jiwe lenye miguu. Usiku wa kuamkia sikukuu niliona haya. Niliwaza wageni, niliwaza sifa ya shule. Nikawasha taa, nikafumua kazi yake yote, nikadarizi kuku mwingine. Kwa kweli alikuwa kuku mzuri.

Asubuhi kitambaa kilitundikwa. Wasichana wakakimbilia kutafuta kila mmoja kipande chake na kukionyesha kwa mama zao. Yeye alipita mara mbili mbele ya yule kuku. Kisha akaja kwangu, akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, kipande changu kiko wapi?» Nikamwonyesha. Akatazama, akajibu: «Hapana, Mwalimu. Huyu si wangu.» Hakulia wala hakununa. Lakini wageni walipokuja kusifu, alisimama nyuma ya wenzake, kama mtu asiye na kitu pale.

Basi, nilikosa nini? Sikumwibia fedha wala nguo. Nilimnyang'anya majuma matano. Tena nilimwambia, pasipo kufungua kinywa: «Kazi yako ni ya kufichwa.» Na wageni niliwadanganya, kwa maana walisifu mkono ambao haukushona.

Mtu ataniambia: «Kitu kinachotolewa kwa Mungu chapaswa kuwa bora.» Ni kweli, wala sitetei uvivu. Lakini tukumbuke yule mjane maskini aliyetia sarafu mbili ndogo katika sanduku la hekalu. Yezu alimwona. Hakumwongezea fedha kwa siri ili sadaka yake isionekane ndogo. Aliwaita wanafunzi wake akamsifu, kwa sababu alitoa vyote alivyokuwa navyo, navyo vilikuwa vyake kweli.

Tutazame pia hekima ya nchi yetu wenyewe. Huko Kasai, Wakuba wanajulikana kwa vitambaa vyao vya nyuzi za rafia. Wanaume hufuma, wanawake hudarizi. Kitambaa kikitoka kufumwa ni kigumu, hivyo hutwangwa ili kilainike. Na katika kutwangwa hutoboka. Wajuzi wengi hueleza kwamba viraka vya vitambaa hivyo vilianza hapo: tundu lilifunikwa kwa kiraka, kisha kiraka kikapendwa, kikawa pambo, hata kikashonwa mahali pasipo na tundu lolote. Na ile nguo ndefu ya wanawake, ambayo huweza kupita mita 6, hufanywa na wanawake kadhaa wa ukoo mmoja, kila mmoja na sehemu yake, ndipo sehemu zikaunganishwa. Katika nguo ya namna hiyo mikono mingi yaonekana, wala mmoja haufuti mwingine.

Hapa naona mpaka wa jambo letu. Tundu lazima lizibwe, maana likiachwa litapasua nguo nzima na kuharibu kazi ya wengine. Mwalimu anayeliacha tundu hapendi wanafunzi wake. Lakini mshono uliopinda si tundu. Huo wamhusu aliyeushona. Yeye ndiye wa kuufumua, naye mwalimu akae karibu amwonyeshe njia. Msaada wa wazi humwongezea mtu nguvu. Msaada wa siri huweza kumpokonya hata ile aliyo nayo.

Baada ya sikukuu nilimwita yule msichana, nikamwomba msamaha. Haikuwa rahisi, kwa kuwa mwalimu hapendi kujishusha mbele ya mtoto. Nikampa mkasi, akamfumua kuku wangu mwenyewe, tena bila haraka. Kisha akaanza upya. Nilimfundisha neno moja tu: kuulegeza uzi. Kuku wake wa pili hakuwa mzuri kama wangu, lakini kitambaa hakikukunjamana tena.

Wazazi, ninyi mnaowaandikia watoto kazi zao za shule usiku ili wapate alama nzuri, mimi siwezi kuwahukumu, kwa sababu nimefanya vilevile kwa sindano. Nawauliza tu: siku mtoto atakaposifiwa mbele ya watu, atasimama wapi? Mbele, karibu na kazi yake, au nyuma ya wengine?